Matofali mekundu, alama ya buluu na mlango wa basi: nani ana haki ya kupita Berlin?

*"Habari ya kazi mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, nimehamia Berlin, naishi Neukölln na wanangu wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine bado wa kigari. Kila nikitoka na kigari napigiwa kengele na kufokewa na waendesha baiskeli. Kando ya barabara kuna ukanda wa matofali mekundu lakini sioni alama yoyote, kwa hiyo najua ni sehemu ya watembea kwa miguu kama kawaida. Kwingine kuna alama ya buluu yenye mama, mtoto na baiskeli, na huko pia nafokewa. Wiki iliyopita nikitoka kazini, mlango wa basi ulifunguka, nikashuka, mguu ukakanyaga hayo matofali mekundu, papo hapo baiskeli ikanigonga mkono. Mwenye baiskeli akasema nimeingia njia yake, nimlipe gurudumu lililopinda. Nilimpa namba yangu ya simu. Je, ni kweli mimi ndiye mwenye kosa? Na huyu wa miaka 7 amenunuliwa baiskeli, apite wapi?"*

Pole sana, dada, kwa mkono na kwa fedheha ya kufokewa mbele za watu. Nianze na lile linalokunyima usingizi: usimlipe kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, mlango wa basi kufungukia moja kwa moja kwenye njia ya baiskeli, sheria inamuuliza yeye maswali kabla ya kukuuliza wewe. Ila kwenye matofali mekundu ya kila siku, unapotembea na kigari, wanaokupigia kengele wana haki na wewe uko mahali pasipo pako. Na kwenye ile alama ya buluu ya mama na mtoto, wanaokufokea wamekosea wao. Umekutana na mambo matatu tofauti ukayaona kuwa moja, na si ajabu, maana hata wenyeji wengi wa Berlin huyachanganya.

Tuanze na matofali. Umedhani kwamba pasipo na alama pana maana ya njia ya miguu. Sivyo. Tangu miaka ya 1930 Ujerumani iliwalazimisha waendesha baiskeli kutumia njia zao palipokuwa na njia, na miji mingi ikazijenga juu, kando ya njia ya miguu, ili barabara ibaki ya magari. Mwaka 1998 sheria ilibadilishwa: mwendesha baiskeli analazimika kutumia njia hiyo pale tu palipowekwa alama ya buluu ya mviringo. Alama nyingi zikaondolewa baadaye, lakini hakuna aliyekuja kung'oa matofali. Kwa hiyo ule ukanda mwekundu bado ni njia ya baiskeli. Kilichobadilika ni kwamba mwenye baiskeli ana hiari: akitaka atapita hapo, asipotaka atashuka barabarani pamoja na magari. Alama ya buluu inamwamuru yeye. Ikikosekana, yeye anapata uhuru, lakini wewe hupati njia.

Utaitambuaje basi? Usitegemee rangi peke yake, kwa sababu rangi yenyewe haina nguvu ya kisheria. Siku hizi Berlin utakuta hata njia za baiskeli zilizopakwa kijani barabarani. Tazama umbo: ni ukanda mwembamba, mara nyingi mita moja au moja na nusu, upande wa magari, umetandazwa kwa kitu tofauti na njia ya miguu na unakwenda sambamba na barabara bila kukatika. Njia ya miguu ya Berlin ina sura yake: mawe makubwa bapa ya kijivu katikati, na vijiwe vidogo vidogo pande zote mbili. Hapa ndipo wenye vigari hunaswa. Magurudumu madogo yakiingia kwenye vijiwe, kigari kinatetemeka na mtoto anaamka, na kule kwenye matofali mekundu ni laini kama sakafu. Mkono unakivuta kigari kule wenyewe. Kibakize juu ya mawe makubwa, hata kama utapishana na watu kwa shida kidogo.

Kuna sababu inayowafanya wapige kengele kwa hasira. Baiskeli inayokwenda kilomita 20 kwa saa hupita mita tano na nusu kila sekunde. Mwendeshaji akikuona unaingia, sekunde moja inapotea kabla hajashika breki, halafu anahitaji mita nyingine nne hivi kusimama kwenye sehemu kavu. Jumla ni karibu mita 10. Baiskeli ya umeme husaidiwa na mota hadi kilomita 25 kwa saa, na hiyo hutaka mita 13 hivi. Kukiwa na mvua, au majani yaliyoanguka mwezi wa Oktoba, ongeza. Mtu aliye umbali wa mita sita nyuma yako wakati unapohama hatua moja kushoto hawezi kusimama hata akitaka. Anachoweza ni kupiga kelele.

Mahali pabaya kuliko pote ni kwenye taa. Mara nyingi ukanda mwekundu unapita kati ya njia ya miguu na ukingo wa barabara, na nguzo yenye kitufe cha taa imesimama pale ukingoni. Watu wanabonyeza kisha wanasubiri papo hapo, wakiwa wamesimama juu ya njia ya baiskeli. Mwenye kigari ndiye anayeathirika zaidi, kwa sababu anasimama nyuma ya ukanda akidhani yuko salama, kumbe kigari kimetangulia mbele yake karibu mita moja na mtoto ndiye aliye njiani. Bonyeza, rudi nyuma, geuza kigari kiwe sambamba na ukanda, usubiri hapo. Taa ikiwa ya kijani, tazama kushoto na kulia kabla ya kuuvuka ukanda wenyewe. Kulia pia, kwa sababu wapo wanaopita kinyume. Hilo ni kosa lao, na faini yake huanzia euro 20, lakini faini hailipwi kwa kigari chako.

Kuvuka ukanda huo unaruhusiwa popote pale, kwa mfano ukitoka kwenye gari au ukienda dukani. Unachotakiwa ni kutazama, kuwapisha walio juu yake, kisha kuvuka moja kwa moja bila kutembea ndani yake. Na ukiwa abiria kwenye gari lililoegeshwa, usifungue mlango wa upande wa njia ya baiskeli kabla hujatazama nyuma. Mwambie na mtoto.

Sasa alama za buluu. Ziko tatu zinazokuhusu, na tofauti ya mbili za kwanza ni mstari tu. Ya kwanza ina mama na mtoto juu, baiskeli chini, na mstari uliolala kati yao. Hii ni njia ya pamoja. Upana wote ni wako na ni wa mwenye baiskeli. Hakuna upande wa mtu. Hulazimiki kushika kulia, wala kutembea huku unageuka nyuma kila mara. Sheria inasema mwenye chombo, ikibidi, apunguze mwendo ulingane na wa watembea kwa miguu. Akija nyuma yako anaweza kugonga kengele mara moja kuomba njia, na uungwana ni kumpisha panapopishika, lakini hawezi kukulazimisha uruke pembeni. Kama hapapitiki, anasubiri. Ndiyo maana nikasema pale wanakuonea.

Ya pili ina mama na mtoto upande mmoja, baiskeli upande wa pili, na mstari uliosimama katikati. Njia imegawanywa. Kila mtu akae kwake, na picha ndiyo inayoonyesha upande wa nani uko wapi. Ukitembea upande wa baiskeli hapo, mambo ni yaleyale ya matofali mekundu.

Ya tatu ni mama na mtoto peke yao, na chini yake kibao cheupe kilichoandikwa *Radverkehr frei*, yaani baiskeli ruksa, au kile cha zamani, *Radfahrer frei*. Hapa watu wengi husoma vibaya. Hii ni njia ya miguu, nukta. Baiskeli imekaribishwa kama mgeni, kwa masharti ya mwendo wa kutembea, ambao mahakama nyingi huuhesabu kati ya kilomita 4 na 7 kwa saa, na nyingine hufika hadi 10. Mgeni huyo haruhusiwi kukuhatarisha wala kukuzuia, na ikibidi asimame. Akitaka kukimbia, barabara ipo. Na pasipo na kibao hicho wala ukanda wowote wa baiskeli, mtu mzima kuendesha juu ya njia ya miguu ni kosa la euro 55, na zaidi akihatarisha mtu.

Kengele yenyewe isikutishe. Kisheria ni onyo la hatari, haimpi mtu haki ya kutangulia. Ukiisikia, usigeuze kiwiliwili kizima kutazama: miguu hufuata mabega, na watu wengi hujikuta wamehamia upande uleule baiskeli inakopitia. Endelea mbele kwa mstari mmoja, sogea nusu hatua upande wa nyumba, yeye atapita upande wa barabara. Mpiga kengele anahitaji kujua utakuwa wapi sekunde mbili zijazo, basi.

Turudi kwenye basi. Kifungu cha 20 cha sheria ya barabarani, StVO, kinasema hivi: basi la abiria au tramu ikiwa imesimama kituoni na watu wanapanda au kushuka, anayepita upande wa kulia apite kwa mwendo wa kutembea tu, akae mbali kiasi cha abiria kutokuwa hatarini, asiwazuie, na ikibidi asimame asubiri. Baiskeli ni chombo, inahusika. Kwa hiyo pale mlango unapofungukia moja kwa moja kwenye matofali mekundu, ile haki yake ya njia inasinzia kwa muda, hadi abiria wamalize kupita. Kudai kwamba umeingia njia yake hakumsaidii, maana hapakuwa na mahali pengine pa kuweka mguu.

Lakini lazima niulize jambo moja, kwa sababu mahakama nayo italiuliza: kati ya mlango na njia ya baiskeli palikuwa na sehemu ya kusimama abiria? Vituo vingine vina kisiwa, jukwaa dogo lenye nafasi ya kusubiri, na njia ya baiskeli inapita nyuma yake. Ukishukia kwenye kisiwa, umeshafika salama, na kutoka hapo kuvuka njia ya baiskeli ni juu yako kutazama na kuwapisha. Nenda kituoni upige picha. Picha hiyo inaweza kuwa na uzito kuliko maelezo yenu wote wawili.

Na hata pasipo na kisiwa, sikuahidi ushindi wa asilimia mia. Mahakama za Ujerumani hugawa lawama. Abiria naye anatarajiwa kutupa jicho kulia kabla ya kushuka, hasa kituo anachokijua. Inawezekana mwenye baiskeli akabeba sehemu kubwa nawe ukaachiwa sehemu ndogo. Tofauti ya sehemu hizo ndiyo inayobishaniwa na kampuni za bima, na ndiyo sababu hupaswi kuandika popote maneno kama "samahani, lilikuwa kosa langu", hata kwenye meseji ya simu ya kumtuliza.

Ninavyoshauri ufanye wiki hii ni hivi. Kama mkono haujaonwa na daktari, nenda sasa na uombe maelezo ya maandishi. Ulisema ulikuwa ukitoka kazini, na hilo ni jambo kubwa kuliko unavyodhani: ajali ya njiani kati ya kazi na nyumbani inahesabiwa kama ajali ya kazini. Mwambie mwajiri wako, na daktari wa kumwona ni yule anayeitwa *Durchgangsarzt*, anayeshughulikia ajali za namna hiyo. Hospitali nyingi kubwa wanaye. Gharama zinabebwa na bima ya ajali za kazini, si na bima yako ya afya. Ukikaa nje ya kazi zaidi ya siku 3, mwajiri analazimika kupeleka taarifa. Hata kama ulipitia shule ya watoto kumchukua mtoto ndipo ukaelekea nyumbani, mzunguko huo kwa kawaida unalindwa pia.

Andika kwenye karatasi, kabla kumbukumbu haijafifia: namba ya basi, kituo, saa, mlango wa mbele au wa nyuma, baiskeli ilitoka upande gani, kulikuwa na nani. Kama basi lina kamera, video hufutwa baada ya muda mfupi, kwa hiyo wiki moja pengine umeshachelewa, ila kuuliza hakugharimu kitu. Kama hukuchukua jina na anwani yake, ripoti polisi, kituoni au kwa mtandao kupitia *Internetwache* ya Berlin. Na ujue kwa siku nyingine kwamba kuondoka eneo la ajali bila kuacha jina na anwani ni kosa la jinai hata kwa mtembea kwa miguu. Namba ya simu ni afadhali kuliko kutoweka, lakini haitoshi. Palipo na mtu aliyeumia au ubishi, piga 110 polisi waje. Gari la wagonjwa ni 112.

Akikupigia kuhusu gurudumu, jibu lako ni fupi: aandike madai yake, aweke risiti, nawe utayapeleka kwenye bima yako. Hapa nazungumzia *Privathaftpflicht*, bima inayolipa hasara uliyomsababishia mtu mwingine. Kwa kawaida ni chini ya euro 100 kwa mwaka kwa familia nzima. Watu wengi wetu hawaikati kwa sababu hawana gari, na hilo ni kosa la gharama kubwa, kwa kuwa Ujerumani mtu anawajibika kwa mali yake yote kwa madhara aliyoyasababisha kwa uzembe, awe anaendesha au anatembea. Faida ambayo haitangazwi sana ni kwamba bima hiyo pia hupinga kwa niaba yako madai yasiyo na msingi. Kama ulikuwa nayo siku ya ajali, wapigie leo. Kama hukuwa nayo, ya kukata sasa haitarudi nyuma.

Wakili unamhitaji lini? Kama mkono umevunjika, kama maumivu yanaendelea baada ya wiki kadhaa, au ukipokea barua ya bima yake au ya mwanasheria wake yenye tarehe ya mwisho. Usiijibu barua ya namna hiyo kwa Kijerumani cha kubahatisha. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba *Beratungshilfe*, msaada wa ushauri wa kisheria, kwenye mahakama ya mwanzo ya eneo lake, *Amtsgericht*, apewe hati ya kumwona wakili. Utalipa euro 15 tu. Nenda na mkataba wa kazi au barua ya Jobcenter (ofisi ya ajira na ruzuku), mkataba wa pango na taarifa za benki. Muda wa kudai fidia ya mkono wako ni miaka 3, inayohesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka wa ajali, kwa hiyo huhitaji kukimbizana. Kinachooza haraka ni ushahidi.

Kama kituo hicho ni hatari kila siku, ripoti kwenye halmashauri ya Neukölln, ofisi ya barabara na bustani, ukiambatanisha picha. Lipo pia shirika la kutetea watembea kwa miguu, FUSS e.V., lenye ofisi Berlin, ambalo kesi za namna hii ndiyo kazi yake.

Amebaki kijana wako na baiskeli mpya. Mpaka atimize miaka 8 analazimika kupita kwenye njia ya miguu. Anaweza pia kutumia njia ya baiskeli iliyotengwa na barabara, kama yale matofali mekundu, lakini si ule mstari uliochorwa barabarani kando ya magari. Toka 8 hadi kutimiza 10 ana hiari ya njia ya miguu. Baada ya hapo ni barabara au njia ya baiskeli kama mtu mzima. Akiwa chini ya 8, mtu mmoja mwenye umri wa miaka 16 au zaidi anaruhusiwa kumsindikiza kwa baiskeli juu ya njia ya miguu, na hakuna wa kukutoza zile euro 55. Nyote wawili mnawapisha watembea kwa miguu, na kila mnapofika pa kuvuka barabara mnashuka na kusukuma. Hilo la kushuka watoto hulisahau kwanza, na pale kwenye kivuko cha pundamilia lina uzito wa ziada: anayesukuma baiskeli anahesabiwa mtembea kwa miguu na magari yanampisha, anayeendesha hapishwi.